Mashine Mbili, Muhuri Mmoja

Sehemu ya Kumi na Nne

Wiki iliyopita niliwakatia pabaya, najua, na barua za lawama nimezipata. Bwana Segawa wa kampuni ya Tenmei ya Tokyo tulimwacha kwenye mlango wa ofisi ya Kitabayashi, koti lake la mvua likichuruzika, boksi la keki kalishika kwa mikono miwili. Alikuwa ametamka neno moja tu na watu watatu wakaganda.

"Asante."

Haya, tuanzie hapo hapo.

"Asante ya nini?" akauliza Bosi Kitabayashi. Alikuwa na kitumbua cha pweza kwenye kijiti, kiko njiani kwenda mdomoni.

"Kwa kutukubali, Mkurugenzi. Gemu yenu kutolewa kwenye mashine yetu ya Hayate! Tokyo wamefurahi mno."

Kitumbua kikarudi kwenye kisahani.

"Nani kakubali?"

Segawa akacheka kidogo, cheko la adabu. "Mkurugenzi unapenda utani."

"Saa tatu asubuhi mimi sitanii. Nani kakubali?"

Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, hali ni hii. Ofisi ya Kitabayashi iko juu ya duka la vipuri vya redio, mtaa wa Nipponbashi, Osaka. Watu watatu, gemu moja. Ni gemu ya vikaragosi wa mbao wa jukwaani wanaopigana kwa panga, na Yoriko Hamanaka ameacha kazi nzuri Tokyo ili aje kuitengeneza. Sasa kampuni mbili zinaingiza mashine mpya madukani majira haya ya baridi. Hayate ni ya Tenmei. Fukuro ni ya Marushin, kampuni ya hapa hapa Osaka. Ofisi ina nguvu ya kutoa gemu kwenye mashine moja tu. Wakichagua vibaya, kazi ya Yoriko inaishia kwenye kapu la bei ya kutupa kabla watoto hawajamaliza likizo ya mwaka mpya.

Na leo ndiyo siku ya kuchagua.

"Mwezi wa nane nilikuja hapa," alisema Segawa, sauti imeanza kukauka. "Nilikuomba gemu hii. Ukanijibu, kwa maneno yako mwenyewe, 'Nitafikiria.'"

"Ndiyo. Nilikukataa."

"Ulisema utafikiria."

"Ndiyo nakwambia, nilikukataa."

Kwenye meza ya dirishani Mama Fusae, mchoraji wa ofisi, hata kalamu hakuiweka chini. Mwanamke wa miaka sitini na moja, zamani akichora mabango ya sinema. "Kakukataa, baba," alisema. "Mimi nilikuwepo. Tena kakukataa kwa heshima zote, akakusindikiza mpaka ngazini."

Segawa akamgeukia Yoriko, kama mtu aliye ugenini anavyomtafuta wa kwao.

"Dada Yoriko, wewe ni wa Tokyo. Ulielewaje?"

Masikio ya Yoriko yalipata moto. "Nilielewa kwamba atafikiria."

Hapo ndipo ninapotaka kuitupa kalamu. Mfanyabiashara wa Osaka hamwambii mgeni hapana usoni. Anasema nitafikiria, na mtu yeyote aliyekulia kwenye maduka ya mji huu anakusanya bidhaa zake, anainama, anakwenda zake. Mtu wa Tokyo akilisikia neno lile lile anarudi nyumbani kusubiri jibu. Yoriko ana miaka miwili Osaka, anaagiza tambi kwa lafudhi yao bila kuchekwa, lakini hili hakuna aliyemfundisha.

"Nyie watu wa Tokyo," Bosi alisema, "mnasikiliza kwa kamusi."

"Bosi," Yoriko alisema polepole, "mimi miezi mitatu nimekuwa nikiihamisha gemu kutoka Fukuro kwenda Hayate."

"Nilikuona. Nikadhani unajifunza."

"Kila Jumapili?"

"Nikadhani huna mchumba."

Mama Fusae akakohoa kuficha kicheko. Yoriko hakucheka. Kulikuwa na jambo lingine, na alijua lazima alitoe yeye mwenyewe kabla Segawa hajalitoa.

"Na nikawatumia Tenmei diski ya majaribio. Ili waone tumefika wapi. Nilidhani unafikiria."

Segawa akafungua mkoba, akatoa kijitabu cha rangi na kukiweka mezani kwa mikono miwili. Kijitabu cha maonyesho ya mashine mpya, yatakayofunguliwa Ijumaa hii. Ukurasa wa sita ulikuwa na picha ya vikaragosi wawili, panga juu, na chini yake maandishi manene: SASA KWENYE HAYATE.

"Tuliipokea diski," alisema. "Huwezi kutumiwa diski na mtu aliyekukataa. Au hapa Osaka inawezekana?"



Kitabayashi alikisukuma kijitabu kwa ncha ya kijiti chake. "Mnajua nani anakuja hapa saa tano? Tanigaki wa Marushin. Tumeuza vipuri naye kwenye mtaa huu tangu tukiwa na nywele. Nimempa neno langu kwa mdomo. Gemu inatoka kwenye Fukuro."

"Fukuro haifai," Yoriko alisema.

Ilimtoka tu. Miezi mitatu alikuwa nayo kooni.

"Haifai?" Bosi akavuta droo, akatoa karatasi iliyokatwa kwenye jarida. Lilikuwa jedwali, mashine mbili bega kwa bega, na Bosi alikuwa amelipigia mistari kwa kalamu nyekundu. "Soma. Fukuro ina prosesa mbili. Hayate, moja. Mbili na moja, ipi nyingi? Fukuro inasukuma picha bapa maelfu kwa wakati mmoja. Hayate imeandikwa inaunda kila umbo kwa pembetatu, pembetatu, pembetatu. Nani kaomba pembetatu?"

"Jedwali halichezwi, Bosi."

"Bongo mbili ni bongo mbili."

"Bongo mbili, mlango mmoja wa kumbukumbu. Mmoja akiingia kuchukua kitu, mwenzake anasimama nje anangoja. Ni wake wenza wawili na jiko moja. Umepata wapishi wawili, lakini chakula hakitoki haraka."

"Mimi nawajua wake wenza waliopikiana vizuri tu," alisema Mama Fusae.

"Mama, tafadhali."

"Nasema tu."

Yoriko alikuwa amechoka kubishana na karatasi. Mwaka mzima watu wenye majarida walikuwa wakimweleza mashine ambazo hawajawahi kuziandikia hata mstari mmoja. Dereva wa teksi alimweleza. Kinyozi wa Bosi alimweleza. Hata mama yake alimpigia simu kutoka Tokyo kuuliza kama ni kweli ile yenye mbili ndiyo bora.

Akainuka, akaburuta runinga ya pili mpaka kando ya ile ya kwanza. Fukuro upande wa kushoto. Hayate upande wa kulia. Akamtupia Bosi padi ya kuchezea.

"Cheza. Zote mbili. Halafu useme."

Walianza na Fukuro.

Nami nitasema kweli, kwa sababu sina hisa kwenye kampuni yoyote: ilipendeza. Vikaragosi wa Mama Fusae walitokea kwenye kioo wakiwa na nyusi zilizochorwa unywele kwa unywele, mikunjo ya kimono, jasho la rangi ya maziwa kwenye paji la uso. Mama alikuwa amechora mikono tu elfu moja na mia nane. Bosi akapiga upanga, hariri ikaruka. Hakuna aliyengoja chochote, gemu iliwaka papo hapo.

"Unaona?" Bosi alisema. "Unaona, binti?"

"Endelea. Anakuja kikaragosi wa tatu."

Wa tatu akaingia. Gemu ikaanza kutembea kama mtu aliye kwenye matope. Bosi akabonyeza, upanga ukashuka baadaye sana. Halafu mkono wa kushoto wa kikaragosi chake ukatoweka, ukarudi, ukatoweka tena.

"Mkono wangu umekwenda wapi?"

"Kumbukumbu imejaa. Mashine inachagua mkono upi wa kuonyesha."

"Basi ipunguziwe picha."

"Nimepunguza mara nne," alisema Yoriko. "Unayoiona hapo ni mikono mia tisa. Nusu ya kazi ya Mama iko kwenye droo."

Mama Fusae akaacha kuchora. Hilo hakuwa akilijua.

"Nusu gani?" akauliza.

"Ile ya vidole, Mama. Samahani. Nilitafuta namna ya kukwambia."

"Vidole ndiyo nilivyochora nikiwa na homa," Mama alisema.

Wakahamia Hayate.

Diski ikaanza kuzunguka. Kioo cheusi. Bosi akaanza kuhesabu kwa sauti, kwa makusudi ya kuudhi. Kumi. Kumi na tano. Segawa akatazama viatu vyake. Ishirini.

"Ishirini na mbili," alisema Bosi. "Mteja wangu kaenda kukojoa, karudi, kakuta bado."

"Tunalishughulikia," alisema Segawa.

Vikaragosi wakatokea. Ah, jamani, zile sura. Pua hakuna, macho kama yaliyopakwa kwa kidole, kingo za kimono zikitetemeka kila wakisogea. Ukuta wa nyuma ulikuwa ukijikunja kama una tumbo la kuendesha. Mama Fusae alitoa sauti ndogo ya kusikitika.

Segawa akainamisha kichwa. "Lazima nikiri. Watu kwenye mashine yetu hutoka wakakamavu kidogo. Kama mbao. Mafundi wetu wanaona aibu."

"Nyamaza," alisema Kitabayashi.

Hakulisema kwa hasira. Alikuwa ameegemea mbele, padi kaishika kwa vidole viwili. Alibonyeza polepole. Bega la kikaragosi likapanda. Kichwa kikafuata nyuma yake, kwa kuchelewa, kisha kikasimama ghafla. Yoriko akabonyeza kitufe cha pembeni na jukwaa zima likazunguka, mpaka wakaonekana wale wachezeshaji watatu waliovaa nguo nyeusi nyuma ya kikaragosi, mmoja kashika miguu, mmoja mkono wa kushoto, mmoja kichwa.

Mama yake Kitabayashi alikuwa akishona nguo za vikaragosi wa jukwaani. Yeye amekulia chini ya jukwaa hilo, akila wali wake kati ya vichwa vya vikaragosi vilivyotundikwa.

"Huyu ni mti," alisema.

"Ndiyo, Bosi."

"Sio mtu aliyevalishwa nguo za kikaragosi. Ni mti wenyewe. Tazama kichwa kinavyochelewa." Akarudia bega lile mara tano, mara sita. "Fundi gani alikwambia kichwa kinachelewa?"

"Hakuna. Nilikwenda kutazama kila mwezi. Nikakaa viti vya nyuma, nikawa nahesabu."

Kila mtu kwenye magazeti alikuwa akiicheka Hayate kwa sababu watu wake wanatoka kama mbao. Yoriko peke yake alikuwa ameona kwamba gemu yake haina mtu hata mmoja. Hilo ndilo alilotaka kulisema tangu Agosti na kila akifungua mdomo anaonyeshwa jedwali.

Mama Fusae akasogea mpaka karibu ya kioo. Akakitazama kikaragosi kisicho na pua kwa muda mrefu.

"Hana hata uso," alisema.

"Hana, Mama."

"Na bado ndiye." Akarudi kwenye meza yake, akakaa akiwapa mgongo. "Mimi miaka miwili nimechora watu. Wazuri, lakini watu. Mngeniambia mapema. Mtu wa umri wangu hapotezewi miaka miwili."

Yoriko alikuwa ameshinda, na alijisikia vibaya sana. Alitaka kwenda kumshika bega Mama.

Bosi hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Akanyoosha mkono kwa Segawa. "Lete karatasi yako."

"Mkurugenzi, labda tungeongea kwanza..."

"Si ulikuja kunishukuru? Nishukuru kwa karatasi."

Segawa akaitoa. Mkono wake ulikuwa mzito, lakini nani alikuwa akiutazama mkono wa Segawa? Kurasa mbili. Gemu itatoka kwenye Hayate, na haitatoka kwenye mashine nyingine yoyote kwa muda wa miezi kumi na minane.

"Na Tanigaki?" aliuliza Mama Fusae bila kugeuka.

"Tanigaki nitamwambia mwenyewe. Atanitukana, tutakunywa, yataisha." Akatoa muhuri wake kwenye mfuko wa ngozi, akaugandamiza kwenye wino mwekundu, akaugandamiza kwenye karatasi. Jina la Kitabayashi likakaa pale, duara, linang'aa kwa unyevu.

Kwa Mjapani hilo limekwisha. Hakuna kufuta.

Yoriko akavuta pumzi. Akafungua daftari, akili imeshakimbilia kazi. "Bwana Segawa, mashine ya dukani nitaipata lini? Hii mliyotuazima ni ya watengenezaji wa gemu. Nataka kujaribu kwenye ile watakayonunua watu, kabla ya Ijumaa."

Segawa akalitazama boksi lake la keki.

"Bwana Segawa?"

"Kuna jambo dogo," alisema Segawa.

Msomaji, umewahi kuambiwa kuna jambo dogo na mtu aliyevaa tai?

"Ofisi kuu ilikutana. Bei ilikuwa juu mno, ikabidi kitu kipunguzwe." Alikuwa akizungumza na boksi lake la keki. "Mashine mliyo nayo ina megabaiti nne za kumbukumbu. Ya dukani itakuwa na mbili."

"Zilikuwa nne," alisema Yoriko. "Kwenye kitabu chenu cha maelekezo ziko nne. Nimeandika kila kitu kwa nne."

"Mpaka juzi zilikuwa nne."

"Juzi lini?"

"Alhamisi."

Leo ni Jumanne.

"Ulijua," alisema Yoriko. "Ulipopanda ngazi hizi na keki, ulijua."

"Nilitaka kusema. Nilikuwa natafuta nafasi."

"Kulikuwa na sekunde ishirini na mbili za kioo cheusi, Bwana Segawa. Hukuiona nafasi?"

Segawa aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti. Yoriko angependa kumpiga na padi. Hakumpiga. Alilivuta lile jedwali la Bosi, akaligeuza, akaanza kuhesabu kwa kalamu mgongoni mwake. Jukwaa, kiasi hiki. Sauti ya ngoma, kiasi hiki. Wale wachezeshaji watatu wenye nguo nyeusi, wanaondoka wote. Akahesabu tena, akakata, akahesabu mara ya tatu.

"Inakuwaje?" aliuliza Bosi.

"Kikaragosi mmoja anaingia mzima."

"Na wa pili?"

"Wa pili anaingia mpaka kiunoni."

Bosi akaitazama ile runinga. "Pambano linataka wawili."

"Najua, Bosi."

"Wenye miguu."

"Najua."

Ngazi zikalia. Saa ilikuwa tano kasoro dakika ishirini, na Bwana Tanigaki wa Marushin hakuwahi kuchelewa popote maishani mwake. Aliingia bila kubisha, mzee mnene mwenye uso wa furaha, akifuta miwani yenye mvuke.

"Kitabayashi, bado hujafa?"

"Bado."

"Na huyu kijana?"

"Mgeni wa keki," alisema Bosi, akikigeuza kile kijitabu kifudifudi. Segawa akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

Tanigaki hakumjali. Alikuwa na haraka ya mtu aliyebeba habari njema. Akatia mkono mfukoni, akatoa kitu cheusi, kidogo, cha ukubwa wa kiberiti, akakiweka mezani katikati ya vitumbua na kijitabu kilichofunikwa kifudifudi.

"Mafundi wangu waliniambia binti yako anawalilia kwamba Fukuro yangu haina kumbukumbu ya kutosha. Nikakaa nao wiki tano. Hii inachomekwa nyuma ya mashine. Kumbukumbu inakuwa mara tatu. Jana usiku ndiyo imekubali kufanya kazi, na hakuna ofisi nyingine Japani iliyoiona." Akamtazama Yoriko, amefurahi kama mtu anayempa mtoto zawadi. "Ichomeke, binti."

Yoriko alikitazama kile kitu cheusi. Mara tatu. Hakuhitaji karatasi kwa hesabu hiyo. Vikaragosi wanne, bila kukwama. Si mti wake, si kile kichwa kinachochelewa, lakini gemu nzima, yenye pambano, yenye miguu.

Mama Fusae alikuwa amegeuka kwenye kiti.

"Na mikono?" aliuliza. "Mikono yangu yote inaingia? Hata ya vidole?"

Yoriko alitaka kudanganya na hakuweza.

"Yote, Mama. Elfu moja na mia nane."

Mama Fusae akalishika droo lake kwa mkono mmoja, kama vile mtu anataka kumnyang'anya. Halafu akaitazama karatasi yenye muhuri, iliyolala wazi mezani, na Kitabayashi akaona anakotazama. Haraka akaifunika kwa kiganja.

"Mbona mko kimya?" Tanigaki alisema. "Nimefiwa na nani?"

"Hakuna aliyekufa, kaa," alisema Kitabayashi. "Kaa, ndugu yangu, kaa upate chai." Na kwa sababu amekaribisha watu vitini miaka thelathini kwa namna ile ile, aliinua mkono kumwonyesha kiti.

Kiganjani palikuwa na duara jekundu. Jina lake mwenyewe, limepinduka, bado bichi.

Tanigaki alivaa miwani yake. Alilisoma jina lile, akamtazama yule kijana mwenye keki pale penye kabati, kisha akaanza kuitafuta karatasi mezani kwa macho.